Maneno ya Fundi Saa

Kwa miaka thelathini na moja, Mwalimu alikuwa mtu wa maneno. Akisimama mbele ya shule nzima asubuhi hakuhitaji kipaza sauti. Alikohoa mara moja tu, watoto mia sita wakanyamaza. Alifundisha sarufi, akapanda hadi kuwa mwalimu mkuu, akastaafu akiwa mwalimu mkuu, na hata baada ya hapo watu wazima wenye mvi wakikutana naye njiani walichomekea mashati kwanza ndipo wakamsalimia. Mkewe mwenyewe alimwita Mwalimu, kama walivyomwita wote.

Mkewe naye alikuwa na jina la kazi. Alikaa kwenye mitambo ya simu ya hospitali kuu kwa miaka ishirini na sita, amevaa vidude vya kusikilizia masikioni, akiunganisha madaktari na wadi, na ndugu na wagonjwa wao. Watu wakamwita Bi Simu. Aliweza kumjua mtu kwa namna alivyovuta pumzi kabla ya kusema "haloo".

Kanisa lilipotangaza kwamba linatafuta wanandoa wazee, wenye afya, ambao watoto wao wamekwisha kujitegemea, waende ng'ambo kusaidia makanisa madogo kwa mwaka mmoja na nusu, Mwalimu ndiye aliyeleta fomu nyumbani. Kijana wao wa kwanza alipinga. "Baba, na hiyo presha yako? Na huko hamjui mtu." Mwalimu akamjibu kwamba hata siku ya kwanza ya ualimu hakujua mtu. Bi Simu hakupinga wala hakushangilia. Alisema tu, "Ukienda tutaenda. Siwezi kukuacha uende peke yako ukapotee stendi."

Mwalimu alijiona tayari kwenye mimbari. Alibeba daftari la mahubiri arobaini na mawili, yote kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni.

Walichokikuta huko ni kanisa la watu hamsini na kitu, wengi wao wazee kama wao, na mchungaji mmoja mwembamba ambaye alikuwa mchungaji, dereva, mhasibu na fundi bomba. Waliwekwa kwenye vyumba viwili juu ya ukumbi wa kanisa, vyenye jiko la umeme la plati mbili na dirisha lililotazama maegesho ya magari. Mchungaji alijua Kiingereza cha kuungaunga, na kwa hicho waliwasiliana. Wengine wote walisema lugha yao tu, na lugha yenyewe ilikuwa ngumu, ya kumezwa nusu na kutemwa nusu.

Bi Simu aliishika kwa masikio. Hakufungua kitabu. Alikaa kwenye benchi nje ya duka la mikate akisikiliza, na baada ya miezi minne alikuwa anabishana na muuza mboga hadi wote wawili wanacheka. Mwalimu alikwenda darasani kila Jumatatu na Jumatano, akaandika kanuni kwenye daftari, akamuuliza mwalimu wake maswali ya viambishi ambayo dada wa watu hakuwahi kuulizwa maishani. Hatimaye yule dada akamwambia Bi Simu kwa upole, "Mzee wako anaijua lugha yetu kuliko mimi. Ila hawezi kuisema." Mwezi wa saba ulipofika, Mwalimu alikuwa na salamu, asante, samahani, ndiyo, hapana, na hesabu hadi ishirini. Zaidi ya hapo ulimi uligoma. Akifungua kinywa dukani, watu walimtazama kwa huruma halafu wakamgeukia mkewe.

Basi akawa mtu wa kusimama nyuma ya mkewe ameshika kikapu. Mahubiri yake yalikaa chini ya kitanda. Jumapili alipanga viti, na baada ya ibada akavipangua.

"Nimekuwa mzigo wako," alimwambia Bi Simu siku moja wakipanda ngazi.

"Mzigo umeshika mfuko wa viazi," Bi Simu akasema. "Endelea kupanda."

Kazi yao kubwa ilikuwa kutembelea wagonjwa. Jumanne na Ijumaa walikwenda kwenye nyumba moja ya ghorofa mbili, yenye sakafu ya plastiki ya kijani na harufu ya sabuni ya kufulia, ambako wazee waliokuwa hawana mtu wa kuwauguza walilazwa hadi mwisho wao. Bi Simu alipita kitanda hadi kitanda, akiulizia usingizi, miguu, wajukuu. Mwalimu alimfuata, akatabasamu, akasogeza mito.

Aliyemzoea Mwalimu kuliko wote alikuwa mzee wa chumba namba saba. Alikuwa fundi saa. Dukani kwake alikuwa ameketi miaka hamsini, na hata sasa waliomtunza walimwachia kimeza chenye vibisibisi vyembamba kama sindano na saa mbili tatu zilizofunguliwa, ingawa mikono ilikuwa inatetemeka na hakuna iliyorudi kuwa nzima. Fundi saa hakujali kwamba Mwalimu hasemi. Alimwekea dama mezani, wakacheza. Akishinda aligonga meza kwa kidole. Akishindwa aliangalia dirishani kana kwamba hakuona. Kwa Mwalimu, saa moja ya chumba namba saba ndiyo ilikuwa saa pekee katika juma ambayo hakujiona mjinga.

Ni Bi Simu aliyejua habari za yule mzee, maana alimwambia yeye. Alikuwa na binti mmoja tu. Mama wa binti alipofariki, baba na binti waligombana juu ya kaburi bado bichi. Binti alisema mama angepelekwa hospitali mapema angepona, na baba akamwambia asikanyage tena nyumbani kwake. Miaka tisa. Binti alihamia mji wa mbali, upande wa pili wa nchi, na hakuna aliyempigia mwenzake simu.

"Anamtaka?" Mwalimu aliuliza.

"Hasemi anamtaka. Ananiuliza kila Ijumaa kama basi la kutoka huko bado lipo."

Bi Simu akamng'ang'ania mchungaji amtafute, na mchungaji, baada ya kuuliza huku na huko kwa wiki tatu, akapata namba ya binti. Bi Simu ndiye aliyepiga. Alizungumza dakika mbili tu. Binti alisema atakuja. Wakati huo fundi saa alikuwa ameacha kula, na hata dama ilikuwa imewekwa juu ya kabati.

Siku ya kuja kwake ilikuwa Alhamisi. Basi lilikuwa liingie saa tano na nusu asubuhi. Fundi saa alikuwa hajasema neno tangu Jumanne. Alilala ametazama dari, pumzi zikienda na kurudi kwa shida. Mchungaji alikuwa na mazishi mji mwingine. Ilibidi mtu ampokee binti stendi, anayeweza kusema naye, na mtu mwingine akae na mgonjwa.

"Wewe kaa," Bi Simu alisema akijifunga skafu. "Kukaa hakuhitaji lugha. Mshike mkono tu. Nikifika stendi nitakupigia."

Mwalimu akavuta kiti.

Saa tano na nusu ikapita. Bi Simu alipiga: basi limechelewa, kuna lori limepinduka njiani, watu wanasema labda saa saba. Mwalimu akasema sawa. Kwenye korido mikokoteni ya chakula ilikuwa imeanza kupita, na muuguzi wa zamu, mmoja kwa wagonjwa kumi na nane, alikuwa upande wa pili akilisha.

Saa sita na dakika kumi hivi, fundi saa aligeuza kichwa. Macho yake yalikuwa safi, kama mtu aliyeamka kutoka usingizi wa mchana. Alimtazama Mwalimu, akamtambua, akaanza kusema.

Mwanzoni Mwalimu alidhani anaomba maji. Akamletea kikombe, mzee akakisukuma kwa nyuma ya mkono na kuendelea. Halikuwa ombi la maji. Zilikuwa sentensi ndefu, zenye mwanzo na mwisho. Mwalimu aliyekuwa amesahihisha insha maisha yake yote alisikia vituo, alisikia pale mtu anapotaja jambo la kwanza na la pili, alisikia sauti ikishuka kama mtu anayekiri na kupanda kama mtu anayejitetea. Alisikia kila kitu isipokuwa maana.

Akabonyeza kengele ya ukutani. Taa ikawaka juu ya mlango. Hakuna aliyekuja. Akainuka aende kuita, na mzee akamshika kifundo cha mkono. Nguvu alizitoa wapi, Mungu ndiye ajuaye. Alimvuta akae, naye akakaa.

Kwa mkono wa kushoto akachomoa simu mfukoni, akampigia mkewe, akaisogeza mdomoni mwa mzee. Iliita. Iliita hadi ikakatika. Akapiga tena. Stendi yenyewe, kama alivyokuja kuambiwa baadaye, ilikuwa na kelele za injini na matangazo, na Bi Simu alikuwa amesimama karibu kabisa na spika.

Fundi saa hakuijali ile simu. Alikuwa akimtazama Mwalimu usoni. Kuna neno moja alilirudia mara tatu, na kila mara alikaza vidole. Kisha akapumzika, akauliza swali. Kwamba ni swali, hilo Mwalimu alilijua. Sauti ilipanda mwishoni na macho yakabaki yanasubiri.

"Samahani," Mwalimu alisema kwa lugha yao, neno mojawapo kati ya yale machache aliyokuwa nayo. Mzee akatikisa kichwa kwa kukosa subira na kuuliza tena, maneno yaleyale, taratibu zaidi, kama mtu anavyomwambia mtoto.

"Ndiyo," Mwalimu akasema.

Mzee alimkazia macho. Akauliza kwa mara ya tatu, kwa neno moja tu.

"Ndiyo," Mwalimu akasema tena. "Ndiyo."

Vidole vikalegea. Fundi saa akageuza kichwa, akarudi kutazama dari. Akavuta pumzi, akaishusha, akakaa muda, akavuta nyingine. Muuguzi alipoingia akifuta mikono kwenye aproni, alimuuliza Mwalimu kitu, hakujibiwa, akaweka vidole viwili shingoni mwa mzee, halafu akaangalia saa yake ya mkononi na kuandika kwenye karatasi iliyoning'inia kitandani.

Binti alifika saa saba na nusu. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mwenye mabega ya baba yake, bado ameshika tiketi. Muuguzi alimwambia mlangoni. Hakulia. Aliingia, akasimama upande wa miguuni, akaangalia vibisibisi mezani. Kisha akamuuliza muuguzi, na muuguzi akamnyooshea Mwalimu kidole.

Bi Simu alikuja karibu na mumewe. "Anauliza kama baba yake alisema chochote."

"Alisema," Mwalimu akajibu. "Alisema mengi."

Bi Simu akasita. Lakini binti alikuwa ameona kichwa cha Mwalimu kikiitikia, na akauliza tena, kwa haraka.

"Anataka kujua alisema nini."

"Mama watoto, nitajuaje? Alisema kama dakika kumi. Nilikupigia."

"Niliona baadaye."

"Aliniuliza kitu. Nikamwambia ndiyo."

"Ndiyo kwa nini?"

"Sijui. Alikuwa anasubiri jibu."

Akawaambia lile neno lililorudiwa. Alilitamka kama lilivyobaki kichwani, kisha akaliandika kwenye bahasha, silabi kwa silabi. Bi Simu alilisoma kwa sauti. Muuguzi alisema linaweza kuwa "nyumbani". Mfagiaji aliyekuwa anapita aliitwa. Yeye alisema hapana, hilo ni "funga". Tena akaongeza kwamba kwa watu wa upande aliotoka mzee, ukilivuta kidogo, ni jina wanalopenda kumpa mbwa. Binti aliichukua bahasha, akajaribu kulisema kwa namna tatu nne, midomo ikitembea bila sauti. Halafu akasema wao hawakuwahi kufuga mbwa. Akatoka, akaketi kwenye benchi la korido.

Mchungaji aliporudi jioni na kusikia, alimvuta Mwalimu pembeni. "Mzee wangu," alisema kwa Kiingereza chake, "mwambie alimbariki. Kutapungua nini?"

"Sikusikia akimbariki."

"Hukusikia asimbariki."

"Nimewaambia watoto maisha yangu yote, usichokijua sema hukijui."

"Wale walikuwa wanafanya mtihani," mchungaji akasema. Hakusema kwa ubaya.

Mwalimu akaenda kwenye benchi, Bi Simu nyuma yake. Binti aliinua uso. "Mwambie sijui," Mwalimu alisema. "Mwambie nasikitika, lakini sijui."

Bi Simu aliketi kando ya yule mwanamke, akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, polepole, mkono juu ya goti lake. Binti alisikiliza, kisha uso ukavunjika wote kwa pamoja, akalia kama anavyolia mtoto, mdomo wazi. Alipotulia alimshika Mwalimu mkono wa kulia, mkono uleule alioushika baba yake, akaubana kifuani.

Njiani kurudi, walipofika kwenye maegesho, Mwalimu akasema:

"Mimi nilisema maneno mawili matatu. Wewe ulisema ukurasa mzima."

"Lugha yao ndefu."

"Mama watoto."

Bi Simu alisimama. "Nilimwambia baba yake aliuliza kama binti yake yuko njiani anakuja, nawe ukamwambia ndiyo."

"Hujui kama ndicho alichouliza."

"Nawe hujui kama sicho. Mtu anakufa, ana mtoto mmoja, amekuwa akiuliza habari za basi kila Ijumaa. Angeuliza nini, Mwalimu? Bei ya mchele?"

"Labda aliuliza kama nitamwambia asije. Labda ni siri. Labda kuna kitu alitaka kifanyike, na mimi nimeahidi na sitakifanya, na hakuna atakayejua. Umepaka rangi juu yake."

"Nimempa mtu kitu cha kushika," Bi Simu akasema, akatangulia kupanda ngazi.

Kijana wao alipiga siku ya pili, na Mwalimu, ambaye si kawaida yake kumwambia mtoto mambo yanayomsumbua, alimsimulia. "Lakini baba," kijana akasema, "si ungerekodi? Simu si ulikuwa nayo mkononi?"

Mwalimu akaitazama simu. Hilo halikumpitia akilini hata kidogo. Alipewa ile simu na wajukuu, na wajukuu walimwonyesha kile kitufe, wakarekodi sauti yake akiimba. Alimuaga kijana. Aliketi ukingoni mwa kitanda, na Bi Simu aliyekuwa anakunja nguo alijua kwa kuuona mgongo wake tu kwamba amepigwa mahali pabaya.

Mazishi yalikuwa Jumamosi. Ijumaa nzima Mwalimu alikaa na kamusi na daftari la darasani, akatunga sentensi moja: Sijui baba yako alisema nini. Akaihakiki kwa kanuni zote. Akaisema mbele ya kioo, kwenye ngazi, bafuni maji yakimwagika. Bi Simu alimsikia. Mara mbili alitaka kumrekebisha lile neno la tatu, akaacha.

Baada ya kutoka kaburini watu kumi na mmoja walirudi ukumbini kwa chai. Bi Simu alikuwa anagawa vikombe. Binti alimjia Mwalimu, akamshika mkono, akasema maneno ya shukrani, hayo aliyatambua, na Mwalimu akainua kiganja cha pili kumwomba asubiri. Akasema sentensi yake. Aliisema vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu afike nchi ile, alisema jambo zima kutoka mwanzo hadi mwisho, na mtu akamwelewa.

Aliona ameeleweka, kwa sababu mkono wa binti uliteleza ukatoka kwenye wake. Binti akamtazama yeye, akamtazama Bi Simu kule kwenye vikombe, akarudi kumtazama yeye. Kisha akauliza kitu kifupi. Na hapo Mwalimu akawa amefika mwisho wa lugha yake. Hakuwa na sentensi ya pili.

Bi Simu aliweka birika chini, akaja. Hakumlaumu mumewe kwa macho wala kwa neno.

"Anauliza, uso wake ulikuwaje," alisema. "Mwishoni."

Mwalimu alifikiri. Alitamani kusema ulikuwa na amani, na ilikuwa rahisi, kila mtu husema hivyo. "Mwambie alikuwa amechoka," akasema. "Alinitazama kwa muda. Nilipomjibu, aliniachia mkono. Sijui kama aliridhika au alikata tamaa na mimi."

Bi Simu aliyahamisha maneno hayo kama yalivyo, moja baada ya jingine, na safari hii urefu ulilingana. Binti alisikiliza hadi mwisho. Alitikisa kichwa, akaweka kikombe mezani bado kimejaa, akaenda kuchukua koti lake. Aliondoka na basi la saa tisa. Vibisibisi na saa zilizofunguliwa aliziacha kwenye nyumba ya wagonjwa, na mchungaji alipompigia wiki iliyofuata kuuliza zipelekwe wapi, simu haikupokelewa, wala wiki ya baada yake.

"Sasa hana hata kile kitu cha kushika," Bi Simu alisema wakiosha vyombo. Ndiyo mara pekee aliyoligusa.

"Najua," Mwalimu akasema.

Jumatatu hakwenda darasani. Aliandika barua kwa idara ya umisheni nyumbani, ukurasa mmoja, kuomba waruhusiwe kurudi kabla ya muda; alisema afya, na hakusema uongo, maana usingizi ulikuwa umemhama. Akampa mkewe asome. Bi Simu alivaa miwani, akasoma hadi chini.

"Ipeleke ukitaka," alisema, akimrudishia. "Mimi nitabaki nimalize. Kuna mama wa chumba cha kumi na mbili nimemwahidi."

Mwalimu hakujua kama anamtisha au anamwambia tu. Miaka arobaini na tatu ya ndoa, na kwa Kiswahili safi, na bado hakujua. Aliikunja barua, akaiweka mezani karibu na jiko, ikakaa pale Jumanne, Jumatano na Alhamisi, ikipata madoa ya mafuta.

Ijumaa asubuhi alinyoa ndevu, akavaa koti, akasimama mlangoni akimsubiri mkewe atafute skafu yake. Hakuna aliyemuuliza kama anakwenda. Walishuka pamoja, yeye nyuma, kikapu mkononi.